Mzizi wa Sumu, Ncha ya Asali

Ndugu zangu, habari za jioni.

Kabla sijaingia ukumbini, pale mlangoni, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, na kila nikiulizwa naona ni la haki. Alisema: "Mwanangu, hii dini ya Buddha mbona inaanza na mateso? Mtu ana yake tayari kwao. Akija kwenu mnamwongezea mengine?" Nilimwomba aketi safu ya mbele ili nimjibu nikimtazama. Ndiye yule pale. Mama, shikamoo. Haya nitakayosema jioni hii nayasema kwako kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Mafundisho ya kale kabisa ya Buddha tuliyonayo yamehifadhiwa kwa lugha ya Kipali, na neno ambalo tumezoea kulitafsiri "mateso" ni dukha. Mimi tafsiri hiyo hainitoshi. Nikisikia "mateso" naona mtu anayeteswa na mwingine, kuna mkono unaopiga na mgongo unaopigwa. Dukha ni pana kuliko hapo. Jino linalouma limo, msiba umo, lakini imo pia ile hali ya kukililia kitu miaka mitano, ukakipata, na kabla mwezi haujaisha ukawa umekizoea na macho yako yako kwingine. Umo pia ule wasiwasi mdogo unaolala chini ya raha zetu nzuri kabisa, unaonong'ona: hii nayo itaisha. Kiswahili kina maneno mengi yanayoligusa neno hili kila moja kwa pembe yake: dhiki, karaha, adha, kihoro. Hakuna moja linaloienea yote, kwa hiyo niruhusuni niseme dukha.

Buddha aliitaja dukha katika hotuba yake ya kwanza, mahali panapoitwa leo Sarnath, karibu na mji wa Varanasi nchini India. Wasikilizaji walikuwa 5 tu. Aliwatajia mambo ambayo mtu hahitaji imani yoyote kuyakubali: kuzaliwa, kuzeeka, kufa, kukutanishwa na usichokipenda, kutenganishwa na unachokipenda, kutaka na kukosa. Kisha akataja chanzo chake, tanha, neno ambalo maana yake halisi ni kiu. Akasema kiu hiyo yaweza kukoma, akaonyesha njia yenye sehemu 8 ya kuikomesha. Hizi ndizo Kweli Nne, na wengi wenu mmeshazisikia.

Lakini ndani ya hotuba ile ile kuna jambo ambalo watu hulipita haraka, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Kila ukweli ulipewa kazi yake. Chanzo ni cha kuachwa. Kukoma kwake ni kwa kujionea mwenyewe. Njia ni ya kukuzwa. Na dukha? Hakusema ipigwe vita. Hakusema ivumiliwe, wala isahauliwe. Alisema dukha ni ya kueleweka, na ieleweke kikamilifu.

Basi, mama, hatuongezi chochote. Tunaomba tu mtu ayatazame aliyo nayo, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuyatazama. Tumeyakimbia. Tumeyafunika kwa kazi na kelele. Tumeyasimulia kwa majirani mpaka wakachoka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na ugonjwa wa moyo ndio unaofichika kwa urahisi kuliko magonjwa yote, kwa sababu hata mwenyewe unaweza kumficha.

Sasa, kuelewa ni nini? Kuna mfano ambao Buddha aliutoa, wa mtu aliyechomwa mshale, na kabla hajapumua akachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Huo hakuna aliyeumbwa na mwili anayeukwepa. Wa pili ni ule tunaojichoma wenyewe: kwa nini mimi, amenifanyia makusudi, maisha yangu yamekwisha. Mtu asiyejizoeza anaumia mara mbili. Aliyejizoeza anaumia mara moja.

Tafadhali msifikiri Buddha alisema hayo akiwa amekaa juu ya mawingu. Maandiko yanasimulia kipande cha jiwe kilichomjeruhi mguu, na maumivu makali aliyoyapata. Kuna siku alimwachia mwanafunzi wake Sariputta aendelee kufundisha, akisema mgongo unamuuma na anataka kuunyoosha. Alipofikia miaka 80 alimwambia Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia, kwamba mwili wake ni kama gari bovu la kukokotwa, linaloendelea kwenda kwa kufungwafungwa kamba. Napenda sana kwamba hayo hayakufutwa. Mtu aliyeamka, maana ndiyo maana ya neno Buddha, alikuwa na mgongo unaouma, na hakuona haya kusema.

Jambo hili la mishale miwili limeingia hata hospitalini. Mwaka 1979, huko Massachusetts nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya majuma kadhaa yaliyochota sana kutoka kwenye taamuli ya Kibuddha, yaani kuketi kimya na kuutazama moyo na mwili, na miongoni mwa waliokuja walikuwa watu wenye maumivu sugu. Walifundishwa kuyasogelea maumivu kwa uangalifu, kuyaangalia yanavyobadilika, na kutenganisha kinachouma na hadithi inayosimuliwa juu yake.

Hata hivyo mfano wa mishale una swali ndani yake, nami lilinisumbua kwa miaka. Kama mshale wa pili najichoma mwenyewe, mbona siachi? Nani mwenye akili timamu anayejichoma?

Hapa itabidi niseme habari zangu. Mimi na mdogo wangu tulikaa miaka saba bila kusemezana. Ni maneno yaliyosemwa wakati wa msiba wa baba yetu, nami sitayarudia, hayana maana tena. Katika mwaka wa saba nilikwenda kwenye mafungo ya taamuli ya siku 10, siku za kimya kabisa, hakuna kuzungumza, hakuna kusoma, ni kukaa na kutazama pumzi na mwili tangu alfajiri hadi usiku. Nilidhani ningepata amani. Nilichokipata ni mdogo wangu. Kila nikifumba macho yuko pale, anasema maneno yale yale, nami namjibu. Namjibu vizuri kuliko nilivyomjibu siku ile. Narekebisha sentensi zangu, napanga upya, naongeza ushahidi.

Siku ya nne, kama sikosei, nilikumbuka agizo la mwalimu: wazo lenye moto likija, liache lisimulie linavyotaka, wewe tazama mwilini linakaa wapi. Nikatazama. Taya zimekaza. Koo limebana. Joto limepanda kifuani. Hayo niliyategemea. Ambacho sikukitegemea kilikuwa chini ya hayo yote: palikuwa na utamu. Kila nilipofika kwenye sentensi yangu ya mwisho, ile inayomnyamazisha, palikuwa na tone moja la raha, raha ya mwenye haki. Ndilo tone lililokuwa likinirudisha pale miaka yote saba. Nilikuwa nasema chuki ile inanitesa, na kweli ilinitesa, lakini pia nilikuwa nairamba.

Baadaye nilikuja kukuta kwamba jambo hilo lilishasemwa zamani. Katika maandiko ya Kipali kiumbe wa mbinguni anamwuliza Buddha: ni kitu gani mtu akikiua atalala usingizi mwema? Buddha anamjibu kuwa ni hasira, yenye mzizi wa sumu na ncha ya asali. Nilipousoma mstari ule nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Ndugu zangu, hapa ndipo naomba tukae kidogo. Buddha alieleza kwamba kabla hajaamka alijiuliza maswali matatu juu ya mambo ya dunia: utamu wake ni upi, madhara yake ni yapi, na njia ya kutoka ni ipi. Akasema hakudai kuwa ameamka mpaka alipoyajua yote matatu sawasawa. Tazameni alianza na lipi. Sisi tunaopenda kuwaonya watu huanza na madhara. Wivu ni mbaya, ulevi ni mbaya, kinyongo ni kibaya. Nani asiyejua? Mtu anajua madhara yake kuliko sisi tunaomhubiria, na bado anarudi. Anarudi kwa sababu utamu haujatajwa. Usiotajwa unafanya kazi gizani.

Chukueni wasiwasi. Wasiwasi unakula usingizi wa mtu, kila mtu anajua. Utamu wake uko wapi? Mimi nikiutazama wa kwangu naona unanipa hisia kwamba kuna kitu nafanya. Mwanangu akichelewa kurudi, nikikaa na hofu yangu kana kwamba hofu hiyo inamlinda, inakuwa kama nimeshika kamba aliyofungwa nayo. Kuiacha ni kama kumwachia. Au kujihurumia: ni jeraha, lakini lina joto lake, mtu hujifunika humo kama shuka. Hata lawama tunazojirushia wenyewe zina utamu, maana anayejilaumu bado anajiona alikuwa na uwezo wa kuyazuia yaliyotokea, na hilo ni rahisi kulibeba kuliko kukiri kwamba hakuwa na uwezo.

Sisemi haya ili mtu aone aibu. Nasema kwa sababu siku ile nilipouona utamu ule, kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma yule mtu aliyekuwa akiuramba kwa miaka saba. Alikuwa na kiu.

Sasa kuna hatua inayofuata, nayo ndiyo inayonifanya niseme mafundisho haya ni ya furaha. Kuona utamu na kuona madhara hakutoshi. Buddha mwenyewe alikiri kwamba kabla hajaamka aliona vizuri kabisa jinsi tamaa zinavyoleta taabu nyingi na raha kidogo, lakini maadamu hakuwa amepata furaha nyingine iliyo nje ya tamaa, hakuwa na hakika kwamba hazitamvuta tena. Moyo hauachi asali kwa ajili ya sahani tupu.

Mnajua habari ya miaka 6 aliyojitesa msituni. Siddhartha Gautama, ndilo jina lake kabla hajaitwa Buddha, aliondoka kwao akiwa na miaka 29, akajaribu kuishinda dukha kwa kuuvunja mwili. Maelezo yake yanatisha: alikula kidogo mno hata akishika ngozi ya tumbo anashika na uti wa mgongo. Nywele zilidondoka alipojipangusa. Macho yalizama yakang'aa kwa mbali kama maji katika kina cha kisima. Na baada ya yote hayo alijiambia kwamba hakuna aliyewahi kuumia kupita hapo, na bado hajafika popote. Ikiwa maumivu yanatakasa, yeye angekuwa ameshatakata.

Ndipo lilipomjia kumbukumbu la utotoni. Baba yake alikuwa kazini, naye alikuwa ameketi peke yake katika kivuli baridi cha mti wa jambu, mti wa jamii ya mizambarau. Hakuwa anatafuta kitu. Moyo ulitulia wenyewe, ukajaa furaha isiyotokana na kupata wala kushinda. Akajiuliza: je, hiyo yaweza kuwa njia? Kisha akajiuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo kipeo cha kisa chote: kwa nini naiogopa furaha ile, ilhali haina uhusiano na tamaa wala uovu?

Akaona hakuna sababu ya kuiogopa. Akaona pia kwamba mwili ulioisha kwa njaa hauwezi kuifikia, akala wali. Wenzake 5 waliokuwa wakimtumikia walimwona amelegea wakamwacha. Hao hao 5 ndio waliokuja kuwa wasikilizaji wake kule Sarnath. Chini ya mti huko Bodh Gaya, mahali alipoamka, aliketi na mwili ulioshiba na moyo usioogopa furaha.

Furaha hiyo kwa Kipali huitwa sukha. Lugha yetu inatusaidia kuitofautisha na nyingine. Tuna starehe, ambayo inahitaji vitu. Tuna furaha ya habari njema, inayopanda na kushuka na habari. Na tuna raha, kwa maana ile ya zamani ya mtu aliyetua mzigo: hakuongezewa kitu, ameondolewa. Sukha ya taamuli iko karibu na hiyo. Moyo uliozoea kuvuta na kusukuma unapoacha kwa dakika mbili tu, unaona ulivyokuwa umechoka.

Kukaa kwenyewe kukoje? Kwa maneno ni rahisi sana. Unaketi, unatazama pumzi inayoingia na inayotoka. Moyo unatoroka. Buddha aliufananisha na nyani msituni anayeshika tawi, akaliachia, akashika jingine. Unaurudisha bila kuukaripia. Hiyo ndiyo kazi, kutoroka na kurudishwa, wala kutoroka si kushindwa, maana pasipo kutoroka hakuna cha kurudisha. Sona, mtawa aliyetembea katika taamuli mpaka nyayo zikatoka damu, aliulizwa na Buddha, aliyejua kwamba zamani alikuwa mpiga zeze: nyuzi zikikazwa mno zinalia vizuri? Na zikilegea mno? Basi na juhudi ni hivyo hivyo.

Katika mafundisho ya pumzi yenye hatua 16, hatua ya tano na ya sita ni kuihisi furaha na raha unapovuta na kutoa pumzi. Watu wengi wanaoanza hawalijui hilo, wanakaa kama wanaotumikia adhabu.

Pumzi ikishatulia kidogo, unaanza kuona ladha. Kipali huiita vedana: kila kinachogusa macho, masikio, mwili au mawazo huja na ladha, tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Baada ya ladha huja kiu: nipe zaidi, niondolee, au usingizi wa kutojali. Kwa kawaida mambo haya mawili yanafuatana kwa kasi hata tunadhani ni kitu kimoja. Amenitukana, nimekasirika. Ukikaa kwa miezi, kwa miaka, unaanza kuona ufa mwembamba kati yake. Ladha chungu ipo, kiu bado haijaja. Katika ufa huo mshale wa pili unakuwa bado mkononi, haujarushwa.

Niseme upesi mambo mawili ambayo dhamiri hainiruhusu niyaache. La kwanza, taamuli si dawa ya kutuliza maumivu. S. N. Goenka, mfanyabiashara aliyezaliwa Mandalay nchini Burma, leo Myanmar, alisimulia kwamba alipomwendea mwalimu wake U Ba Khin katika miaka ya 1950 akitaka aponywe kipandauso, alikataliwa kwanza. U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma na mwalimu wa taamuli wakati huo huo, alimwambia kwamba ukija kwa ajili ya kichwa tu unaishusha thamani njia hii. Njoo kuutakasa moyo, kichwa kitafuata kikitaka. Na kwa mtu aliyebeba majeraha mazito ya nafsi, kukaa kimya siku nyingi kwaweza kuyafukua kwa nguvu asiyoiweza. Huyo amwone daktari kwanza, aende polepole, na asiende peke yake.

La pili, kuielewa dukha hakumaanishi kukubali kuonewa. Anayepigwa nyumbani aondoke hapo, halafu ndipo akae na pumzi yake. Mtu akikuambia utafakari ili uvumilie dhuluma, amechukua maneno ya Buddha akayatumia kwa kazi ya mdhalimu.

Mama, utataka kujua ya mdogo wangu. Nilimpigia wiki mbili baada ya mafungo. Sikuwa na hotuba. Aliongea juu ya goti lake linalomsumbua, nikasikiliza. Katikati ya maongezi akagusia msiba, kwa neno moja tu, na nikasikia taya zinakaza, joto linapanda, na ile sentensi yangu nzuri imefika ulimini, tamu kama zamani. Nikavuta pumzi. Nikamwuliza goti limeanza lini kuuma. Tuliongea karibu saa nzima. Hatujawahi kuumaliza ule ugomvi, na sijui kama tutaumaliza. Tunapigiana kila Jumapili.

Sasa naomba tukae kidogo pamoja. Wekeni simu chini. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mgongo uwe wima bila kukazwa, mikono ipumzike mapajani. Macho yafumbwe, au yatazame chini, vyovyote vile. Msiivute pumzi kwa nguvu, iacheni ije kama inavyokuja usingizini. Kama kuna kitu kinauma, mwilini au moyoni, kipeni nafasi nacho kikae. Kengele italia baada ya dakika kumi.